Somo la Vikundi: Kwa Nini Mchezo Mmoja Hushika na Mwingine Hufa?



Masomo yaliyopita yalikuwa ya mbuzi wa maziwa na kuweka hesabu za kikundi. Leo tunaleta habari ya michezo. Tunajua wengine wenu watasema, "Hawa sasa wameishiwa!" Hebu ngojeni kidogo. Somo hili hatukulitoa kichwani mwetu, lilitupata njiani tukiwa kazini.

Tulikuwa tumezuru kikundi kimoja ambacho jina lake hatutalitaja. Mwenyekiti, mzee mwenye bidii, alitupeleka stoo atuonyeshe vifaa vya voliboli, huo mpira wa wavu, walivyoletewa na wafadhili miaka miwili kabla. Nguzo mbili za chuma zilizopakwa rangi. Neti mpya, bado imo ndani ya karatasi yake. Mipira mitatu ya ngozi. Tuliibonyeza ile mipira, ikaingia ndani kama embe bovu. Tukauliza, "Mzee, vijana hucheza siku gani?" Akajikuna kichwa. Kumbe sindano ya kujazia upepo ilipotea wiki ya kwanza. Nguzo zilikuwa zinangoja saruji. Ufunguo wa stoo hukaa na karani, na karani siku hizi anafanya kazi mjini, anarudi mwisho wa mwezi. "Lakini hata hivyo," mzee akasema, "vijana wa siku hizi hawapendi michezo. Wanapenda simu tu."

Tukaagana. Hatukufika mbali. Nyuma ya kinu cha kusaga unga tulisikia makelele, tukaenda kuangalia. Vijana kama ishirini, wasichana watatu kati yao, walikuwa wamefunga kamba ya katani kati ya mikaratusi miwili. Kwenye kamba walikuwa wamening'iniza vipande vya leso kuukuu, ili mpira ukipita chini vitikisike na ugomvi uishe. Mpira wenyewe ulikuwa umeshonwa na fundi wa viatu mara nyingi hata rangi yake ya kwanza haikujulikana. Na walikuwa wanacheza nini? Voliboli!

Basi ndugu na dada, hapo ndipo swali letu lilipozaliwa. Mchezo ni ule ule. Kijiji ni kile kile. Vijana ni wale wale ambao mzee alisema hawapendi michezo. Ulioletwa na gari umelala stoo, ulioanzishwa na kamba ya kufungia ng'ombe uko hai. Kwa nini?

Mlango wa kuingilia

Angalieni kwanza michezo ambayo haina mfadhili wala mwalimu, lakini imejaa kila mahali. Wasichana wa shule za msingi wanacheza kati. Mpira ni soksi iliyojazwa matambara. Wawili wanarusha, mmoja yuko katikati anakwepa. Watatu wanatosha kuanza, na wakija kumi bado wanaenea. Mtoto wa miaka sita akisimama pembeni dakika kumi ameshajua sheria zote. Wazee wetu nao walikuwa na ajua, ambao pwani wana bao lao: mashimo yakichimbwa ardhini na mbegu zikiokotwa, watu wanakaa chini, mchezo umeanza.

Mpira wa miguu ndio mkubwa wa yote. Kitabu cha sheria za kimataifa kina sheria 17, lakini nani kati yenu alizisoma kabla ya kucheza? Mtoto anahitaji kujua mawili tu: usishike kwa mkono, na peleka kule. Zamani mipira ya watoto ilifungwa kwa mifuko ya plastiki. Mifuko hiyo ilipopigwa marufuku nchini mwetu mwezi wa Agosti 2017, je, watoto waliacha kucheza? Wapi! Matambara yapo, kamba ipo, mpira ukaendelea.

Kwa hiyo jambo la kwanza tunaloliona ni mlango. Mchezo unaoshika una mlango wa chini, hata asiye na kitu anaingia leo hii, bila kungoja mtu. Ule wa stoo ulikuwa na mlango wa juu sana: saruji, sindano, ufunguo, karani. Kila kimoja ni kidogo, lakini vikisimama pamoja ni ukuta. Tungependa kusema hapa kwamba wafadhili hawakuwa na nia mbaya. Walileta kitu kizuri. Ila hawakuuliza vijana wana nini tayari.

Mchezo uliotengenezwa kwa ajili ya walioachwa nje

Kwa sababu voliboli ndiyo iliyotuletea somo hili, tuwasimulie ilikotoka.

Mwezi wa Desemba 1891, katika mji wa Springfield, Marekani, mwalimu James Naismith wa chuo cha YMCA, yaani Chama cha Vijana Wakristo, aliambiwa atafute mchezo wa kuchezea ndani ya nyumba wakati wa baridi kali. Akapigilia vikapu viwili vya matunda ukutani, akaandika sheria 13, akawagawa wanafunzi wake 18 pande mbili, tisa kwa tisa. Huo ndio mpira wa kikapu. Vijana waliupenda upesi. Lakini ulikuwa wa mbio na kusukumana, na watu wenye umri waliokuja baada ya kazi ulikuwa unawashinda.

Katika mji wa jirani, Holyoke, mwalimu mwingine wa chama hicho hicho, William Morgan, aliwaona hao watu wazima. Mwaka 1895 akachukua neti ya tenisi, akaiinua juu kidogo ya kichwa cha mtu wa kawaida, futi sita na nusu, akatafuta mpira mwepesi. Alijaribu mfuko wa ndani wa mpira wa kikapu, ukawa mwepesi mno. Akajaribu mpira wa kikapu wenyewe, ukawa mzito, unaumiza mikono. Mwishowe akaomba kiwanda kimtengenezee wa katikati. Timu mbili zikasimama huku na huku, hakuna kugusana wala kuangushana. Idadi ya wachezaji hakuifunga: waliopo ndio watakaocheza. Kwanza aliuita Mintonette, jina ambalo tunashukuru halikudumu. Mwaka uliofuata ukaitwa voliboli.

Mnaona alichofanya Morgan? Hakuuliza, "Mchezo gani ni mzuri zaidi?" Aliuliza, "Nani hachezi, na ni nini kinachomzuia?" Akaondoa hicho kinachomzuia. Sisi tunadhani swali hili lina faida kwenu kuliko neti tatu mpya.

Kutoka hapo mchezo ulisafiri na watu. Walimu wa YMCA waliupeleka Asia. Askari wa Marekani waliubeba katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Ulipofika Ufilipino, wenyeji hawakuuacha kama ulivyokuja. Marekani walikuwa wanausukuma tu huku na huku taratibu. Wafilipino ndio wanaosifiwa kwa kuanza ule mtindo wa mmoja kuuinua juu karibu na neti na mwenziwe kuruka na kuugonga kwa nguvu chini. Leo ukiondoa kitendo hicho, hakuna atakayesimama kutazama. Kwa hiyo wageni waliletewa mchezo, wakautia chumvi yao, na dunia nzima ikala. Mchezo ambao wenyeji hawaruhusiwi kugusa sheria zake hata kidogo ni vigumu kuwa wao.

Voliboli ilipoingia Olimpiki mara ya kwanza, Tokyo 1964, medali ya dhahabu ya wanawake ilichukuliwa na Wajapani. Na wengi wa dada hao walikuwa ni wafanyakazi wa kiwanda cha nyuzi na nguo waliofanya mazoezi baada ya saa za kazi. Hapa kwetu Kenya, timu ya wanawake ilikuwa bingwa wa Afrika mwaka 1991, ikarudia mara nyingi baadaye, na imecheza Olimpiki mara nne: Sydney 2000, Athens 2004, Tokyo 2021 na Paris 2024. Nyuma yao kuna timu za kazini kama Magereza na Pipeline, na nyuma ya hizo kuna shule za wasichana mashambani, kama Mukumu kule Kakamega na Kwanthanze kule Machakos. Mtu asiwaambie binti zenu kwamba mchezo huu ni wa wavulana.

Zamu

Kuna sheria moja katika voliboli ambayo kina mama watailewa haraka kuliko wanaume. Kila upande ukinyakua zamu ya kuanzisha mpira, wachezaji wote sita wanahama nafasi moja, wanazunguka kama mishale ya saa. Aliyekuwa nyuma anakwenda mbele. Kila mmoja atafika mahali pa kuanzisha mpira, apende asipende, awe hodari au awe ndiyo anajifunza leo.

Si hii ni merigoraundi? Pesa za chama zinamfikia kila mwanachama kwa zamu yake, hata yule anayechanga kwa shida. Watu wanabaki katika merigoraundi kwa sababu wanajua zamu inakuja. Na katika mchezo ni hivyo hivyo. Tumeona timu nyingi za vijijini zikifa kwa ugonjwa mmoja: hodari sita wanacheza kila siku, wengine ishirini wamekuwa washangiliaji. Baada ya mwaka mmoja, wawili kati ya wale hodari wanakwenda mjini kutafuta kazi, na timu imekwisha, kwa sababu hakuna aliyefundishwa. Asiye hodari ndiye anayeufanya mchezo uwe wa wengi. Hodari wako wachache siku zote.

Hapa tuseme neno juu ya kutazama. Mtu akituuliza mchezo gani unapendwa zaidi katika kijiji chake, atatujibu mpira wa Uingereza, kwa maana Jumamosi ukumbi wa video unajaa mpaka nje. Hatukatai, ni burudani. Lakini kuna mchezo unaotazamwa na kuna mchezo unaochezwa, na hivi ni vitu viwili. Wa kutazamwa unaleta kijana kwenye benchi, na siku hizi unamletea pia kubeti kwa simu, shilingi hamsini leo, mia kesho, mpaka pesa ya mbolea. Wanaofaidika na huo upendo wake hawako kijijini. Sisi hatuwezi kuuita mchezo huo maarufu kijijini ikiwa uwanja wa shule uko mtupu saa hiyo hiyo.

Nani ana ufunguo?

Turudi kwenye ufunguo wa yule karani. Mwaka 1987 mtaani Mathare, Nairobi, ilianza jumuiya ya michezo ya vijana inayojulikana kama MYSA, kwa kusaidiwa na Mkanada mmoja, Bob Munro. Watoto walikuwa wanapiga mpira wa matambara tangu zamani. Hilo halikuhitaji kuletwa. Kilichoongezwa ni ligi, na ligi hiyo ilikuwa na masharti yake. Timu ilipata pointi uwanjani, na ilipata pointi nyingine kwa kwenda kuzoa takataka na kuzibua mitaro ya mtaa. Ukikataa kushika chepeo unaweza kushinda mechi zako na bado ukawa chini kwenye orodha. Marefa, makocha na wanakamati walitoka kwa vijana wenyewe. Mwaka 1992 wasichana nao wakaanza kupiga mpira hapo. Kutoka timu chache zikawa mamia.

Tunachojifunza si kwamba kila kikundi kianze ligi. Tunajifunza kwamba anayecheza ndiye awe na ufunguo. Kijana wa miaka kumi na minane akiandika kwenye daftari kwamba mpira umetoka saa kumi na umerudi saa kumi na mbili, na ukipotea jina lake ndilo litakaloulizwa, mpira huo utarudi. Ule mpira wa nyuma ya kinu, tuliambiwa, kila mchezaji alichanga shilingi ishirini. Ndiyo sababu fundi wa viatu anaujua vizuri hivyo.

Saa na mahali

Tuliwauliza wale wasichana watatu kwa nini ni watatu tu. Mmoja akacheka, akasema, "Wengine wako mtoni." Jibu fupi, lakini lina somo zima. Mchezo ulikuwa unaanza saa kumi na moja jioni, saa ile ile ya kuteka maji, kuokota kuni na kupika. Hakuna aliyewakataza wasichana. Saa yenyewe ndiyo iliyowakataza. Wavulana wakitaka dada zao wacheze, basi nao wabebe mitungi, au wabadilishe saa. Tunajua maneno haya yatapingwa na baadhi ya wazee, na tuko tayari kuyapokea mashauri yao.

Halafu kuna uwanja. Uwanja kamili wa voliboli ni mita 18 kwa 9, yaani hatua ndefu kumi na nane kwa tisa. Ni mdogo, unaenea hata kwenye kiwanja cha kanisa, na hii ni sababu nyingine ya mchezo huu kuenea mahali penye mashamba madogo. Lakini hata padogo panaweza kuchukuliwa. Mwaka 2004 tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u ilitoa ripoti kuonyesha jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa watu kinyume cha sheria, pamoja na mahali palipotengwa kwa manufaa ya wote. Na Januari 2015 wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road, Nairobi, walirushiwa gesi ya kutoa machozi walipoandamana kutetea uwanja wao wa kuchezea uliozungushiwa ukuta. Watoto wa shule ya msingi! Uwanja ambao hakuna anayeukanyaga ndio rahisi kunyakuliwa. Watu watasema ulikuwa pori tu. Kwa hiyo ulizeni mapema: mahali mnapochezea pana karatasi? Ni la shule, ni la kanisa, ni la kaunti, au ni shamba la mtu aliye mwema leo? Kama ni la shule, mwandikiane na halmashauri ya shule, nakala moja ibaki kwa kikundi.

Mkitaka kujaribu

Tafuteni miti miwili au magogo yaliyochimbiwa chini futi tatu na kushindiliwa mawe. Saruji si lazima. Kimo cha neti kwa wanawake ni mita 2.24 na kwa wanaume mita 2.43. Kama hamna kipimo, mtu mrefu asimame anyooshe mkono wote juu, na vidole vyake viguse kamba, mtakuwa karibu. Watoto washushieni. Fungeni vitambaa kwenye kamba kama wale wa kinu. Mistari ichorwe kwa majivu. Sita kwa sita ndiyo sheria, lakini Morgan mwenyewe hakuhesabu, nanyi msimrudishe mtu nyumbani kwa sababu ni wa saba. Sindano za kujazia upepo nunueni mbili, ya pili akae nayo mwenye baiskeli iliyo na pampu.

Wale waliofundishwa zamani wanakumbuka kuhesabu mpaka 15, na pointi inapatikana tu kwa upande ulioanzisha mpira. Sheria hiyo ilibadilishwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Sasa kila mpira ukianguka kuna upande unaopata pointi, na seti huisha kwa 25, mkipitana kwa pointi mbili. Ni afadhali, maana mechi za zamani zilikuwa zinatukuta na giza.

Na yule mzee mwenyekiti? Tulirudi kwake siku ile ile, tukamchukua mpaka nyuma ya kinu. Alitazama muda mrefu bila kusema. Mwezi uliofuata kamati iliamua mipira na neti vitoke stoo. Lakini mambo hayakwenda laini. Vijana waliipokea mipira, neti wakaikataa. Walisema neti ikiwekwa, kamati itakuja kusema uwanja ni wa kamati. Mpaka tunapoandika somo hili bado wanachezea kamba yao, na mzee bado anatuuliza afanye nini.

Maswali ya kuzungumza kikundini

Katika kijiji chetu, ni watu gani hawachezi chochote? Tuwahesabu kwa majina, tusiseme "wengi". Ni nini hasa kinachomzuia kila mmoja: saa, mavazi, aibu, umri, kazi?

Tuna kitu gani stoo, cha mchezo au cha kazi, ambacho kililetwa kikaachwa? Nani ana ufunguo, na nani angepaswa kuwa nao?

Wale vijana walikuwa na haki kuikataa neti? Na mzee, mngemshauri vipi?